TAHARIRI: Mtoto anayesomea nyumbani naye anahitaji wa kummwagia maji

Mtaje mtoto anayefunzwa nyumbani na wazazi wake mbele ya vijana wa Nairobi, na maswali hayatakosa kuwa mawili. La kwanza: huyo atafanyia mtihani wapi? La pili: mabeste wake ni kina nani? Swali la mtihani wazazi hao huwa wamelifikiria mapema. Wengi hufuata mitaala ya nje, kama ule wa Cambridge wa Uingereza au ACE wa Marekani, na wanajua mtihani wake unafanyiwa wapi. Swali la marafiki ndilo linalotuuma zaidi sisi.

Familia hizi si viumbe wa ajabu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, wanafunzi wengi wakakaa nyumbani hadi Januari 2021, nchi nzima ilionja masomo ya sebuleni. Wengi wetu tulishukuru Mungu lango la shule lilipofunguliwa. Wengine waliona mtoto ameanza kusoma kwa raha, wakaamua asirudi. Kuna waliokimbia karo, kuna wenye mtoto mgonjwa au mwenye ulemavu ambaye shule haikumjali, kuna waliochoka kumwona mtoto akirudi na alama za kiboko. Wengine wanaongozwa na dini yao.

Tuchukue wiki moja ya familia ya aina hii. Tuseme inaishi South B na ina watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 13.

Jumatatu ni hesabu na lugha kuanzia saa mbili asubuhi. Kufikia saa sita wamemaliza, maana mwalimu ni mmoja na wanafunzi ni watatu, hakuna foleni ya kusahihishiwa vitabu. Yule wa 13 anamsomesha kitinda mimba herufi, na kwa kufunza naye anajifunza. Jumanne sayansi inahamia jikoni. Pakiti ya unga ya kilo mbili ikitoa chapati 24, kilo moja na nusu itatoa ngapi? Hapo hakuna anayeuliza hesabu itamsaidia nini maishani, kwa sababu jibu linaliwa.

Jumatano wanapanda matatu hadi mjini, kisha nyingine hadi Makavazi ya Kitaifa. Humo mna mifupa ya yule mvulana wa Turkana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Aliyegundua mabaki hayo mwaka 1984, kule Nariokotome, ni Mkenya Kamoya Kimeu. Mtoto akisimama mbele ya mifupa ya mwenzake aliyekufa bado mdogo, historia inaacha kuwa maneno ya ubaoni. Alhamisi ni msitu wa Karura. Chini ya miti hiyo anaelezwa jinsi Wangari Maathai na wenzake walivyopigwa mwaka 1999 wakizuia ardhi hiyo isinyakuliwe. Hilo ni somo la uraia ambalo mtu halisahau.

Wiki kama hiyo ni fiti, tuseme ukweli. Inafaa kuziaibisha shule zetu pia, maana wapo watoto wanaosomea kilomita chache tu kutoka makavazi hayo na hawajawahi kuingia. Lakini tusisahau bei yake. Kuna nauli, kuna kiingilio, na kuna mzazi mmoja aliyeacha mshahara ili awe mwalimu. Mama mboga wa Mukuru anayedamka saa kumi alfajiri kwenda Wakulima hana nafasi ya kuchagua hivyo.

Kisha inafika Ijumaa, na yule wa katikati anatimiza miaka 10. Kila aliyesoma Kenya anajua siku hiyo inavyokuwa shuleni. Unaanza kuogopa tangu asubuhi. Unajua kuna mtu ameficha chupa ya maji, ila hujui ni nani. Unamwagiwa, unakimbizwa, unarudi nyumbani umelowa hadi soksi, na moyoni unafurahi kwamba walikumbuka.

Huyu wa South B atapata keki, soda na nyanya aliyetoka ushago na kuku. Swali ni nani atammwagia maji. Kama ni dada yake na kitinda mimba pekee, basi kuna kitu kinakosekana, na hakuna safari ya makavazi inayoweza kukijaza. Wazazi wanaoifanya kazi hii vizuri wanalijua hilo. Wanajumuika na familia nyingine, wanampeleka mtoto kwenye timu ya mpira, kwenye kwaya au madrasa, wanamwacha acheze na watoto wa ploti. Mzazi anayeona bash imejaa watu wazima watupu na aione kama ripoti ya mwisho wa muhula, tena yenye alama mbaya.

Ila lawama si ya wazazi peke yao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi ampeleke mtoto shuleni. Asipofanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Sheria hiyo ina sababu nzuri. Bila hiyo, anayemwoza binti wa miaka 14 au kumfanya mtoto mchungaji wa kulipwa angesema tu kwamba anamsomesha nyumbani.

Hata hivyo, tazama inavyomfikia mtoto wa South B. Mzazi anayemwogopa chifu humwambia mtoto asionekane langoni saa nne asubuhi. Majirani wasijue, na wakiuliza, aseme anaumwa. Mtoto anajifunza kujificha, na anayejificha hapati marafiki. Sheria iliyotungwa kumlinda mtoto inaishia kumfungia ndani.

Msimamo wetu ni kwamba serikali iziandikishe familia hizi badala ya kuzitisha. Mzazi aeleze mtaala anaofuata. Afisa wa elimu atembelee nyumba hiyo, aone vitabu, azungumze na mtoto mwenyewe bila mzazi kuwa karibu. Mtoto apimwe kila mwaka. Akionekana hasomi, au anatumikishwa, sheria ichukue mkondo wake bila huruma. Anayesoma vizuri aachwe atoke nje mchana kama mtoto mwingine yeyote, na shule ya jirani imruhusu kujiunga na timu na vilabu vyake.

Nawe kijana unayesoma haya, pengine kuna mtoto kama huyo kwenye ploti yenu, yule mnayemwita "wa ndani" kwa utani. Usingoje Bunge. Jioni mkienda uwanjani, mgongee mlango, msalimie mamake kwa heshima, uombe atoke mcheze. Na ukisikia siku yake ya kuzaliwa imefika, unajua pa kuchotea maji.