BWANA AFYA SI ADUI YETU

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ninaotaka kuuzungumzia leo ni chuki tuliyo nayo kwa bwana afya. Mtaani kwetu akionekana tu na koti lake jeupe, vibanda hufungwa chapuchapu na wenyewe hutoroka. "Wamekuja!" ndilo neno linalosikika. Mimi pia nilikuwa katika kundi hilo, tena mstari wa mbele.

Sababu nilikuwa nayo. Mama yangu huuza chapati, maharagwe na sharubati karibu na steji. Mwaka jana watu wa mtaa walipoanza kuhara na kutapika, bwana afya alikuja akafunga vibanda vyote vya chakula kwa siku tisa. Siku tisa bila hata shilingi! Karo haikulipwa, nami nikatumwa nyumbani. Nilimlaani mtu yule mbele ya majirani, wala sioni haya kukiri.

Lakini kwa kuwa nilikuwa nyumbani, niliona mambo. Bwana afya hakwenda kuketi ofisini. Alipita nyumba hadi nyumba akiuliza, "Maji yenu mnachota wapi?" Karibu wote walitaja mfereji mmoja, ule ule anaonunua mama mitungi yake. Alipofuata bomba lake alikuta limepitishwa ndani ya mtaro wa maji machafu, nalo limepasuka. Likakatwa siku hiyo hiyo, nasi tukagawiwa dawa ya kutibu maji.

Usiku wa nne ndugu yangu mdogo akashikwa. Mhudumu wa afya wa mtaani, mama jirani tu tunayemjua, alikuja na pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Akatuonyesha jinsi ya kumnywesha kidogo kidogo hadi tulipofika kituo cha afya. Ilikuwa kipindupindu. Leo yu mzima, anacheza mpira. Sasa niambie, msomaji, kama kibanda cha mama kingebaki wazi, sharubati ile ingelaza watoto wa kina nani?

Kipindupindu si hadithi. Mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022 uliwapata watu zaidi ya 12,000, na takriban 200 wakafa. Daktari humtibu aliyekwisha kuugua, lakini asipopatikana mtu wa kuziba chanzo, wagonjwa wataendelea kumiminika. Hiyo ndiyo kazi ya idara ya afya ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti huduma za afya, utoaji wa leseni kwa wanaouzia umma chakula, na uzoaji wa taka. Hata kile cheti cha afya ambacho wauza chakula hulalamikia kila miezi sita kina maana: mtu aweza kubeba viini vya ugonjwa na asijisikie mgonjwa.

Hata hivyo, sitawasifu bure. Kwa nini bwana afya aje baada ya watu kulazwa? Bomba lile halikuwekwa mtaroni jana. Kaunti iajiri maafisa wa kutosha, na iwape usafiri na vifaa vya kupima maji. Wachuuzi nao wafundishwe kwanza kabla ya kufungiwa. Na kwa wale wachache wanaopokea kitu kidogo wakafumba macho, nasema wazi: hiyo si chai, ni kuuza uhai wa watu.

Na sisi je? Nyani haoni kundule. Bomba lile nililiruka kila asubuhi nikija shule, na wenzangu pia. Tulilicheka, tukalipigia mateke, na hakuna hata mmoja aliyetia mguu katika ofisi ya afya kusema. Ningesema siku ya kwanza, pengine mama asingepoteza siku tisa na ndugu yangu asingelazwa.

Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu, tuache kukimbia. Ukiona mtaro umeziba, choo kimefurika au bomba limepasuka, mtafute bwana afya kabla yeye hajakutafuta wewe. Mama yangu siku hizi akimwona humwita mwenyewe, "Karibu mwanangu, njoo ukague." Nami namuunga mkono.