Si Mlevi Peke Yake Aumwaye Ini

Waswahili tangu kale tumelipa ini heshima yake. Neno likiwa kali, twasema limetukata maini. Nasi washairi twaliweka ini jirani na moyo, penye huba na penye uchungu. Ajabu ni kuwa ini hilo hilo tulitajalo mno kwa ulimi, katika mwili hatulijali hata kidogo.

Mwenzangu mmoja wa barazani, niliyesoma naye chuoni kwa maalim mmoja tangu tukishika juzuu, alifariki kwa maradhi ya ini. Macho yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, miguu ikavimba, na mwisho akawa akitapika damu. Siku ya tatu, hitima imekwisha na kahawa yanywewa, nikasikia mnong'ono nyuma yangu: "Kumbe marehemu alikuwa akitumia kwa siri!" Wa pili akaitikia: "Ndiyo, ini haliharibiki bure."

Nilimjua mtu yule miaka arubaini na zaidi. Hakupata kuonja tembo. Mjane wake alinihadithia alivyoelezwa na daktari: ini lilijaa mafuta, mafuta yakaleta kovu, na kovu likalimaliza ini. Mnong'ono ule ulinikata maini, na ndio ulionishikisha kalamu leo.

Nasema lile lilikuwa kosa mara mbili. Kwanza ni kumdhania vibaya maiti asiyeweza kujitetea. Pili ni kujidanganya sisi tulio hai. Mtu akishasadiki kuwa ini ni maradhi ya walevi, hujiona amekingika. "Mimi sinywi," husema, "nina hofu gani?" Huku amekaa na sahani ya tatu mbele yake, na chupa ya soda ubavuni.

Hebu tuyatazame maradhi yenyewe. Ini la mtu mzima lina uzani wa karibu kilo moja na nusu. Ndilo liwekalo akiba ya sukari, litengenezalo nyongo na lisafishalo sumu. Chakula kikizidi haja ya mwili, hasa sukari na wanga, ziada yake hugeuzwa mafuta, na mengine hubaki ndani ya ini. Yakipita kiasi cha asilimia 5, madaktari husema ini lina mafuta. Inakadiriwa kuwa robo ya watu wazima duniani, au zaidi, wako katika hali hiyo.

Wengi wao hukomea hapo, wala sitaki kumtisha mtu. Lakini wako ambao ini huanza kuvimba. Uvimbe huacha kovu, na kovu huzaa kovu jingine, hata ini zima likawa gumu lenye vinundu. Hiyo ndiyo sirosisi, nayo yaweza kufungua mlango wa saratani ya ini. Safari hii huchukua miaka mingi. Bandu bandu huisha gogo. Na aghalabu muda wote huo mtu haumwi popote, kwa kuwa ini halipigi kelele. Isitoshe, wengi wa wenye mafuta katika ini huuawa na moyo kabla ini halijafika mwisho wake.

Walio katika hatari zaidi ni wenye ugonjwa wa sukari, wenye kitambi, wenye presha na wenye mafuta mengi katika damu. Hata mwembamba hakusalimika moja kwa moja. Na aliye na homa ya ini ya virusi, kisha akaongezewa mafuta, amebebeshwa mizigo miwili.

Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini vya nchi mbalimbali viliyabadilisha jina maradhi haya. Sababu mojawapo ni kuwa jina la zamani lilitaja pombe, japo kwa kuikanusha, na lilionekana kuwaaibisha wagonjwa. Ikiwa wataalamu wameona haya wakabadilisha maneno yao, sisi wa barazani tuna udhuru gani?

Najua watakaosema, "Mshairi huyu ataka kutunyima pilau." La! Pilau ya harusi haikumuua mtu. Kinachotuua ni kuifanya kila siku harusi. Wazee wetu walikula mahamri kwa mbaazi za nazi, lakini walitembea, walivuta nyavu, walilima, na sukari ilipimwa kwa kijiko. Leo hata msikiti wa mtaa wa pili twaenda kwa tuktuk. Mwezi wa Ramadhani, ambao ungelipumzisha tumbo, twaufunga mchana na kuulipiza usiku kwa kaimati, viazi karai na sharbati hadi daku. Nasi tumefunzwa tangu chuoni kuligawa tumbo mafungu matatu, chakula, maji na pumzi, na kuwa israfu haipendezi. Kisha mtu akiota kitambi twamsifu kuwa amepata neema!

Habari njema ni kuwa ini husamehe likiwahiwa. Mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia 5, mafuta ya ini hupungua. Akipunguza 7 hadi 10, uvimbe hutulia, na hata kovu laweza kulegea. Kwa mtu wa kilo 90, hizo hazizidi kilo tisa, apunguze polepole. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya maradhi haya, lakini nayo hutolewa pamoja na kuangalia chakula na kutembea. Tena uchunguzi mwingi umeona kuwa wanywaji kahawa hupata kovu la ini kwa uchache. Basi kahawa chungu yetu ina heshima yake, bora usiisindikize kwa halua.

Mwenye sukari au kitambi amwulize daktari wake juu ya ini. Zipo picha za tumbo na vipimo vya damu. Kipimo kimoja cha damu kikiwa kizuri kisimlaze, kwani ini laweza kuwa na kovu na damu isiseme.

Na siku tutakapokutana tena hitimani, tusiulizane marehemu alikunywa nini. Tumwombee dua, kisha kila mmoja atazame sahani yake.