Joho ni Lake, Furaha ni ya Nyumba Nzima



Msimu wa mahafali ukifika, picha huwa nyingi: mume kavaa joho, kamaliza shahada ya uzamivu, mke yuko pembeni na shada la maua mkononi. Mashaallah, tunafurahi nao. Ila lipo jambo tunataka tuliseme.

Uzamivu ni safari ndefu. Anayesoma muda wote kwa kawaida huchukua miaka mitatu au minne, na wengi huvuka hapo: kukusanya data, kuandika tasnifu, kurudishiwa sura na msimamizi, kisha kusimama mbele ya wataalamu kuitetea. Wengine huvuka bahari kuufuata. Miaka yote hiyo yuko mtu anayebaki na watoto, anayewapeleka madrasa, anayekwenda mazikoni na harusini kwa niaba ya wawili, anayebana matumizi ya jikoni. Jina lake haliandikwi kwenye cheti.

Kwa hiyo sisi tunaona sherehe ya kwanza iwe nyumbani. Mwenye shahada asujudu sijda ya shukrani, kisha mbele ya wazee na watoto amtaje mwenza wake na aseme alichobebewa. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba kumshukuru Mwenyezi Mungu kunakwenda pamoja na kuwashukuru watu.

Upande wa pili ndio unaotuuma zaidi. Mke akimaliza yeye, sauti zinashuka. Ataambiwa asijionyeshe. Ataulizwa kama mume bado anamweza. Wapo watakaompa pole mumewe kana kwamba kafiwa! Bibi Aisha (r.a.) amepokea hadithi zaidi ya 2,000, na masahaba wanaume walikwenda kumuuliza mambo ya dini. Umma mzima unaihesabu elimu yake kuwa fahari ya nyumba ya Mtume. Basi mume wa leo anapungukiwa nini mkewe akiitwa Daktari? Yeye ndiye awe wa kwanza kumtangaza kwa wazazi na jamaa. Akinyamaza, watu watasema kwa niaba yake, na watasema wanavyotaka wao.

Wala hatusemi mkope fedha mkodi ukumbi. Sinia la pilau, kaimati, sahani kwa jirani, udi ndani na dua ya pamoja vinatosha. Mama mkwe aliyelea wajukuu apewe doti yake ya kanga. Anayeogopa kijicho asiweke picha mtandaoni. Lakini hofu hiyo isimnyime mwenzake pongezi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nanyi mabibi harusi wetu, haya yanaanzia kwenye posa. Kama wewe au yeye mna nia ya kusoma, lisemwe kabla ya ndoa, na walii wako alijue. Mkubaliane nani atakaa na watoto, ada itatoka wapi, na mtaishi vipi mmoja akisafiri. Mwanamume anayekasirika kuulizwa hayo leo, atakuwaje siku utakapoomba ruhusa ya kwenda kutetea tasnifu yako?

Mwenyezi Mungu azijaalie elimu zetu ziwe zenye manufaa, na azitie mapenzi na huruma nyumba zetu. Amin.