Mwanafunzi wa Mpanda anamtazama kiboko YouTube, kiboko mwenyewe yuko Sitalike!

Kuna binti mmoja, jina liwekwe pembeni asije akachambwa bure. Kamaliza kidato cha sita Mpanda, matokeo yakatoka mazuri, kapata chuo Dar es Salaam. Wiki ya kwanza hosteli, mwenzake wa chumba, mtoto wa Kilimanjaro, kafungua laptopu wanaangalia video ya wanyama. Viboko kibao wamebanana kwenye dimbwi la tope kama abiria wa mwendokasi saa moja asubuhi. Binti akashangaa: "Mh! Hii ni Botswana?"

Mwenzake akasoma maandishi chini ya video. "Shoga, imeandikwa Katavi. Si ndiko kwenu?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Binti naye akacheka, ila cha juu juu. Baadaye akajitetea kwamba shule ilikuwa inabana, hawakuwahi kupelekwa. Na hapo hakudanganya hata kidogo.

Sasa mdau, kabla hujamcheka na wewe, jiulize: mwenye aibu hapo ni binti, au ni waliomlea miaka yote hiyo wakimwambia Mpanda hakuna cha kuona?

HUO WIMBO WA "HAKUNA CHA KUONA" ULIANZIA WAPI?

Muulize mwanafunzi yeyote wa Mpanda mjini Jumamosi anafanya nini. Majibu yanajulikana. Mechi ya Uingereza kwenye banda la video. Chipsi mayai ya kuchangia watu watatu. Kupiga picha za status na shati la kuazima. Wengine, tena hao ndio wanaongezeka, wanakaa kijiweni wanachora mkeka wa shilingi mia tano wakiomba Mungu timu ya Denmark isiwaangushe. Timu ambayo hata mji wake hawaujui!

Hakuna ubaya kijana kuangalia mpira. Ubaya ni pale anapoamini kuwa hayo ndiyo yote yaliyopo. Na imani hiyo hakuitunga mwenyewe, kaisikia kwa wakubwa. Mtumishi anapangiwa Katavi, siku anaripoti ndiyo siku anaanza kuandika barua ya uhamisho. Mwalimu anaingia darasani anaanza na "huku porini." Mzazi naye anasema "soma utoke." Mkoa wenyewe ulianzishwa 2012, ukamegwa kutoka Rukwa, na hadi leo watu wake wanauongelea kama kituo cha kusubiria basi.

Mtoto anayesikia hivyo kila siku atamaliza shule akiwa anajua jambo moja tu kuhusu kwao: kwamba pa kuondoka. Hiyo ndiyo hasara yenyewe.

HAYA, TUANZE KUHESABU

Mjini penyewe kuna stesheni ya reli. Mwanafunzi anapita hapo kununua karanga, hajawahi kujiuliza kwa nini reli inakuja kuishia Mpanda. Treni haikuja kwa ajili ya abiria. Tawi hili la kutoka Kaliua, kilomita kama 210, lilijengwa na wakoloni Waingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi uliokuwa Mpanda. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki, mji ukaendelea kukua. Yaani somo la historia la uchumi wa kikoloni, lile la kukariri reli zilikwenda kwenye madini na mashamba, liko hapo nje na filimbi yake. Kwenda kuliona ni bure. Ukimkuta mzee mstaafu wa reli amekaa kivulini, mnunulie soda, utapata stori ambazo kitabu hakina.

Kuna Bwawa la Milala, bodaboda tu kutoka mjini. Jioni jua likizama pale, hizo picha za status zitajipiga zenyewe. Ila angalizo: viboko wapo. Mambo ya kujitosa majini ili uonekane jasiri mbele ya mademu waachie wengine. Kiboko hana utani, na nchi kavu anamzidi mbio binadamu.

Halafu sasa kuna Sitalike. Kilomita kama 35 kutoka mjini, barabara ya kwenda Sumbawanga. Pale ndipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ile ya tangu 1974. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Zanzibar nzima, Unguja na Pemba ukizijumlisha, haifiki hapo. Mto Katuma unapita hapo Sitalike, na viboko wamo humo wanakoroma. Ndani zaidi kuna Ziwa Katavi na Ziwa Chada, makundi makubwa ya nyati, tembo, simba, mamba. Kuanzia Juni maji yanapungua, na kufika Septemba na Oktoba viboko wote wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Ndiyo ile video ya hosteli. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya na Marekani, wanatoa mamilioni ya hela kuja kuona tope hilo. Na Juni, mdau, si ndiyo shule zinafunga?

Hata jina la mkoa lina stori yake huko. Wenyeji wanasimulia habari za Katabi, mwindaji wa zamani ambaye mzimu wake unaaminika kukaa kwenye mkwaju karibu na ziwa, na wapo wanaokwenda kuacha sadaka pale. Uamini usiamini, ni shauri yako. Lakini mwanafunzi anayeandika "Mkoa wa Katavi" juu ya daftari kila mwaka na hajui jina limetoka wapi, huyo kapunjwa.

Wenye nguvu ya kwenda mbali kuna Karema, ziwani Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani. Pale Wabelgiji walijenga kituo 1879, baadaye kikawa cha wamisionari. Na pale alifanya kazi Adrien Atiman. Huyu alikuwa mtoto aliyetekwa utumwani huko inakoitwa Mali leo, wamisionari wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema 1889, akatibu watu hadi alipofariki 1956. Zaidi ya miaka 60 kituo kimoja, hakuandika barua ya uhamisho! Mwanafunzi wa sayansi wa Katavi anamjua Albert Einstein kwa sura na nywele zake, Atiman hata jina hajawahi kulisikia. Na siku hizi Karema ina bandari mpya inayotazamana na Kongo, kwa hiyo asiyependa historia akaangalie biashara. Migebuka ya kukaanga pembeni ya ziwa ni ya wote.

"HELA HAKUNA." KWELI?

Utetezi wa kwanza siku zote ni hela. Sawa, hela ni ngumu, hakuna anayebisha. Lakini piga hesabu. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja anaweka shilingi 1,000 kwa wiki, wiki kumi: 400,000. Hiyo ni mikeka miwili tu kwa wiki kwa yule wa kijiweni. Mwalimu akapiga simu mapema ofisi ya hifadhi kuulizia kiingilio cha Watanzania na utaratibu wa makundi ya wanafunzi, mwenye Coaster akaongeleshwa kwa adabu, kamati ya shule ikaongezea kidogo. Si safari ya kuuza ng'ombe.

Na hela huwa inapatikana pale shule inapotaka. Kuna shule moja iliwachangisha wanafunzi ziara ya Mbeya, wakaona mji, wakala kuku, wakarudi. Hakuna ubaya. Ila barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga inakatiza katikati ya hifadhi! Basi zima lilipita humo asubuhi, mapazia yamefungwa, muziki umefunguliwa hadi mwisho, watoto wamelala. Mwalimu wa msafara naye kalala. Walivuka moja ya hifadhi kubwa za nchi wakiota Mbeya.

Anayepanda basi la Sumbawanga kesho afungue pazia tu. Hapo hata kiingilio hadaiwi.

"NIENDE KUMLIPIA MWIZI WA MPUNGA?"

Lakini kuna utetezi mmoja mzito, na huu usipuuzwe. Kijana mmoja wa kijiji cha jirani na hifadhi, yuko kidato cha nne, aliambiwa habari za ziara akacheka. Akasema kiboko anamjua vizuri, wala hahitaji tiketi. Anakutana naye usiku kwenye mpunga wa baba yake. Tembo naye anamjua, alikula mahindi ya shangazi yake ya msimu mzima ndani ya usiku mmoja. "Sasa mimi nichange hela nikamwangalie mwizi wetu?"

Hapo wengi wananyamaza. Kwa mtoto wa Dar mnyama ni picha, kwa huyu mnyama ni njaa. Ukimwambia "utalii ni fahari ya taifa" anakuona umechanganyikiwa, na ana haki.

Ila huyo ndiye hasa wa kupelekwa. Akifika Sitalike atakutana na askari wa hifadhi mchana, ana sare na ana jina, siyo tochi inayomulika gizani. Amuulize uso kwa uso: kwa nini wanatoka? Kifuta jasho mbona kinachelewa? Baba afanye nini kabla hawajafika shambani? Na yeye aulizwe pia, maana maji ya Katuma yanagombaniwa. Huko juu watu wanayakinga yaende kwenye mashamba, huku chini viboko wanabaki na tope. Mazungumzo hayo hayafanyiki YouTube. Yanahitaji mtoto wa mkulima na mtu wa hifadhi wasimame ukingo mmoja, waangalie maji yale yale.

Halafu kuna mkate. Mkoani humo humo, Kibaoni, kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine iliyopewa jina la Mizengo Pinda, Waziri Mkuu mstaafu na mtoto wa huko huko, na ufugaji wa nyuki ni kati ya yanayofundishwa. Inyonga wanarina asali inayojulikana. Kuna kambi za watalii, kuna bandari, kuna misitu ya Tanganyika yenye sokwe. Kazi hizo zitakwenda kwa mtu. Siku kambi inatafuta muongoza watalii, itamchukua anayemjua mnyama, anayeijua njia na anayeweza kusimulia stori. Mtoto wa Sitalike ambaye hajawahi kuingia hifadhini kama mgeni hata siku moja ataitwa kufua mashuka. Na atamfulia kijana aliyetoka mikoa mingine, aliyekuja kumweleza Mzungu habari za Katabi.

NANI AANZE?

Wakuu wa shule waanze. Ziara ya kwanza ya mwanafunzi wa Katavi iwe ndani ya Katavi, halafu hiyo ya Mbeya na Dar ifuate. Wazazi waache kusema "mbuga ni za Wazungu," maana kodi inayolipia hizo hifadhi haikatwi Uzunguni peke yake. Na wanafunzi wenyewe wasisubiri kubebwa. Stesheni na Milala hazihitaji barua ya mkuu wa shule, zinahitaji Jumamosi moja na washkaji watano.

Vidokezo vya haraka kwa watakaokwenda hifadhini: msivae nguo nyeusi wala za bluu iliyokolea, mbung'o wanazipenda kuliko mnavyozipenda nyinyi. Bebeni maji. Tembeeni na askari au muongozaji, msiteremke garini hovyo. Simu ziwe na chaji, ila mpige picha tano tu kisha muangalie kwa macho.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo, mkoa una shida kubwa zaidi, madawati, maabara, mimba za shuleni. Ni kweli shida zipo. Lakini mtoto aliyefundishwa kwamba kwao ni mahali pa kukimbia, hata ukimjengea maabara ya vioo, akishafaulu ataondoka nayo kichwani na hatarudi. Mtu harudi mahali ambapo hajawahi kupaona.

Yule binti wa hosteli? Habari zilizopo ni kwamba likizo ya Juni anarudi, na anakuja na wenzake watatu wa chumba, akiwemo yule wa Kilimanjaro mwenye laptopu. Kawaahidi kuwatembeza kwao na kuwaonyesha viboko kwa macho yao. Kasoro iko moja tu: mwenyeji mwenyewe hajui waanzie wapi.

Wadau wa Mpanda, Inyonga, Karema na Mpimbwe mliopo humu, msaidieni dada yenu. Anzeni kumpangia safari hapo chini, na kila mmoja aseme ukweli: wewe ulifika Sitalike ukiwa na miaka mingapi?