Gari la Marehemu Halijafa



Mwezi uliopita tulivuka kwenda Likoni kumjulia hali dada yetu mmoja aliyetoka eda. Kwa miezi minne na siku kumi alikaa nyumbani kwake kama ilivyoamrishwa katika Suratul Baqara, na kwa muda wote huo gari dogo la marehemu mumewe lilisimama uani chini ya mwembe, bila ya mtu kuligusa. Tulitaraji kumkuta na huzuni. Tukamkuta na huzuni na shaka juu yake. Siku ya tatu baada ya kutoka eda alitaka kijana wake mkubwa, ambaye ana leseni, ampeleke kwa mamake Ukunda. Gari likakataa kuwaka. Fundi wa kwanza aliyeitwa alipiga ufunguo mara mbili, akatikisa kichwa, akasema injini imekufa. Kabla ya juma kwisha, shemeji yake, kwa nia njema bila ya shaka, alikuwa amekwisha kuleta mnunuzi wa shilingi 120,000, kwa gari ambalo likiwa zima haliuzwi chini ya mara tatu ya hizo.

Tukamwuliza swali moja tu: fundi alifungua boneti? Akajibu kwamba hakufungua.

Hapo ndipo tulipomwomba asubiri. Gari lile si mali yake pekee hata alitupe kwa bei ya vyuma chakavu. Wazazi wa marehemu wametangulia mbele ya haki. Baada ya madeni na wasia, thumuni ni ya mjane, na iliyosalia ni ya watoto, mwana wa kiume akipata fungu la mabinti wawili. Shemeji mtu hana fungu hapo, kwa kuwa ndugu huzuiliwa na kuwepo kwa mwana wa kiume. Na katika watoto wale watatu, wawili hawajabaleghe. Kwa hiyo kila shilingi itakayopotea kwa sababu ya neno “imekufa” lisilochunguzwa, itakuwa imetoka katika mali ya mayatima. Tuliona ni wajibu kwanza kujua gari lina nini.

Jumamosi baada ya Alasiri tukarudi na mzee wetu mmoja aliyeendesha malori ya bandarini kwa miaka mingi. Kijana alikuwapo, na lango la ua likaachwa wazi. Mzee hakugusa kitu. Alisema, “Mjukuu wangu, fungua boneti kwanza.” Hili ni jambo la kwanza kwa gari lililolala, nasi twaomba lishikwe: usipige ufunguo kabla ya kutazama ndani. Mahali penye joto na kimya panya hujenga, na paka huzaa. Palikuwa na majani makavu ya mwembe na kiota cha zamani, lakini waya zote zilikuwa nzima. Vipimo vya oili na maji vilikuwa sawa. Ila juu ya vichwa vya betri palikuwa pameota unga mweupe wenye rangi ya kijani, mwingi kama chumvi iliyomwagika.

Kisha akasema, “Sasa piga ufunguo, na sisi tunyamaze tusikilize.”

Gari lisilowaka husema lina nini, na wengi wetu hatujafundishwa kulisikiliza. Ukizungusha ufunguo na kukawa kimya kabisa, wala taa moja haikuwaka kwenye dashibodi, basi umeme haufiki: betri imekauka kabisa au kichwa chake kimeachia. Ukisikia tk-tk-tk ya haraka na taa zikafifia, betri ina umeme wa kuwasha taa lakini haina nguvu ya kuzungusha injini. Ukisikia mgoto mmoja mzito kisha kimya, huku taa zikibaki kali, shaka ielekee kwenye starta. Na injini ikizunguka kwa nguvu lakini haishiki moto, basi betri na starta hazina makosa; tafuta petroli, au cheche, au kitu kinachozizuia. Gari la otomatiki lina hila moja zaidi: mkono wa gia usipokuwa kwenye P au N, ufunguo hautafanya kitu, na tumewahi kusikia watu wakimwita fundi kutoka ng’ambo ya kivuko kwa kosa hilo tu.

Gari la dada yetu lilisema tk-tk-tk.

Mzee akaweka mita yake juu ya betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban 12.6. Ikiwa 12.0 imekaribia kwisha. Hii ilionyesha 11.4. Mjane akashangaa, “Lakini babu, halikuguswa! Umeme umekwenda wapi?” Ndilo swali lenyewe. Gari lililozimwa halilali usingizi mzito. Saa inatembea, king’ora kinalinda, redio inakumbuka stesheni zake, na kila kimoja kinanyonya kidogo usiku na mchana. Gari likitembea, alteneta hurudisha kilichotoka. Likisimama, hakuna anayerudisha. Na betri yenyewe, hata isiponyonywa na kitu, hupungua pole pole, na joto la pwani yetu huharakisha kupungua huko. Ule unga wa vichwani nao huuziba hata umeme mdogo uliobakia, na upepo wa bahari wenye chumvi hauusaidii mtu.

Vichwa vikasafishwa kwa maji ya moto na magadi kidogo, vikakaushwa na kukazwa. Jirani akaleta gari lake na waya za kujampu. Hapa twasimama kidogo, kwani dada zetu wengi huliona jambo hili likifanywa ovyo ovyo barabarani. Betri hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche moja, kwa hiyo mpangilio si adabu tu. Waya mwekundu huanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi huanza kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho haiwekwi juu ya betri iliyokufa, bali hubanwa kwenye chuma kitupu cha injini mbali na betri, ili cheche ikitoka itokee huko. Kufungua ni kinyume chake: cha mwisho kufungwa ndicho cha kwanza kufunguliwa. Na watoto wakae mbali.

Kijana akapiga ufunguo. Injini ikazunguka kwa nguvu, tukasema alhamdulillahi. Ikazunguka, ikazunguka, wala haikushika. Akajaribu tena, hali ni ile ile. Tunakiri kwamba nyoyo zilitushuka, na shemeji, ambaye wakati huo alikuwa amefika na kusimama langoni, alitutazama kama mtu aliyekwisha kusema.

Mzee hakubabaika. “Lilikuwa na ugonjwa mmoja juu ya mwingine,” alisema. “Wa kwanza tumeuondoa, sasa wa pili unaonekana.” Akafungua kifuniko cha tangi, akanusa. Petroli iliyochacha hunuka kama rangi ya mbao. Hii ilinuka petroli. Mshale ulionyesha nusu tangi. Miezi minne katika tangi lililofungwa vizuri si muda wa kuharibu petroli. Ingekuwa mwaka, angekuwa na neno jingine. Kisha akaingia akaketi kwenye kiti cha dereva, na kwa muda mrefu hakufanya lolote ila kutazama dashibodi. Palikuwa na taa ndogo nyekundu iliyokuwa ikimetameta, ambayo sisi sote tuliiona na hatukuitia maanani. Akauchomoa ufunguo, akaugeuza kiganjani. Ulikuwa mwembamba, wa chuma kitupu, usio na kichwa cha plastiki.

“Mwanangu,” akamwuliza mjane, “huu mmeupata wapi?”

Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni. Marehemu aliuchongesha mwaka mmoja baada ya kufungia ufunguo wake ndani ya gari, ili siku nyingine aweze kufungua mlango. Ulifaa kwa kazi hiyo. Lakini magari mengi yanayotujia kutoka Japani huwa na ufunguo wenye chipu ndogo ndani ya kichwa chake, na gari huisoma chipu hiyo kila unapowasha. Ufunguo uliochongwa bila ya chipu utaingia, utageuka, katika magari mengine hata starta itazunguka, lakini gari litakataa kushika moto, kwa sababu linadhani anayeliwasha ni mwizi. Ile taa nyekundu ndiyo iliyokuwa ikisema hivyo.

“Na ule wa asili?”

Dada yetu hakujibu papo hapo. Kisha akasema kwamba kanzu aliyokuwa ameivaa mumewe siku aliyopelekwa hospitali ilirudishwa nyumbani, naye akaitundika nyuma ya mlango wa chumba, na tangu siku ile hakuweza kuigusa. Akaingia ndani. Hatukumfuata. Alikawia, na mzee akaanza kumweleza kijana habari za oili, ingawa oili haikuwa na tatizo lolote. Alipotoka, ufunguo ulikuwa mkononi mwake, wenye kichwa cheusi kilicholika pembeni. Hakumpa mzee, alimpa mwanawe.

Gari likashika kwa mara ya kwanza.

Waya zilipoondolewa, mzee alipima tena injini ikiwa inanguruma: 14.1, maana yake alteneta inafanya kazi yake. Lakini alionya kwamba betri iliyolala tupu kwa muda mrefu huota ugumu ndani ambao safari haiuondoi. Alisema wapime tena asubuhi, gari likiwa limepumzika. Walipokwenda Ukunda na kurudi, kisha likalala usiku, mita ikasoma 12.1. Wakanunua betri mpya kwa fedha zisizofika shilingi 10,000, na hayo ndiyo yaliyokuwa matengenezo yote ya injini iliyosemwa imekufa. Breki ya mkono nayo ilikuwa imegandamana kwa kutu, ikaachia kwa kusukumwa mbele na nyuma. Magurudumu yalihitaji upepo.

Sasa tuseme na wale ambao jambo hili halijawafika, au limewafika kwa sura nyingine. Wako miongoni mwetu wake ambao waume zao wako Muscat au Jeddah, na gari limesimama hadi likizo. Wako wazee wasioendesha tena. Na wako, Mwenyezi Mungu awape subira, wale walio katika eda leo. Gari likitarajiwa kusimama zaidi ya wiki mbili au tatu, kijana na afungue waya wa hasi wa betri, ule mweusi, kwa spana namba kumi. Kinyonyaji hakitapata cha kunyonya. Kama ni gari lenye redio inayodai namba ya siri, namba hiyo itafutwe kwanza.

Wengi hudhani kuliwasha dakika tano kila Ijumaa kwatosha. Hakutoshi, kuwasha kwenyewe hutumia umeme mwingi, na dakika tano za kunguruma mahali pamoja huenda zisiurudishe. Lipelekwe barabarani nusu saa, na mtu mwenye leseni na bima. Wala lisiwashwe kabisa ndani ya banda lililofungwa milango, hata kwa dakika chache, kwani moshi wake una hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Breki ya mkono isivutwe kwa gari la kulala. Weka gia P na jiwe nyuma ya gurudumu.

Na funguo zijulikane. Wanandoa wengi hawajui ni upi wa asili na upi wa kuchongwa, wala kadi ya gari imewekwa wapi, mpaka siku mmoja wao hayupo wa kuulizwa. Hilo ni jambo la kuzungumzwa jioni moja mezani, na halichukui muda kuliko kikombe cha chai.

Shemeji, alipoliona gari likitoka langoni, alimpigia simu mnunuzi yeye mwenyewe. Kijana amefunga uzi mwekundu kwenye ule ufunguo wa kuchongwa na kuurudisha msumarini, kwa ajili ya milango tu. Kama gari litauzwa au litabaki, wataamua wenye haki nalo, kwa bei ya gari linalotembea.