Usifunge Shule, Meya!

Msomaji mpendwa, kabla hujakimbilia ukurasa wa vichekesho na mafumbo, nitegee sikio kidogo. Nina dukuduku moyoni, na wahenga walisema mficha uchi hazai. Dukuduku lenyewe linahusu mchezo wa kompyuta. Najua walimu wengine wataguna na kusema, "Michezo tena?" Naomba subira, walimu wangu. Mchezo huu umezua mabishano katika chama chetu kuliko hata uchaguzi wa viranja, na tulipokuja kushtuka, tulikuwa tunajadili maisha yetu wenyewe.

Mchezo huo huitwa Cities: Skylines. Ulitengenezwa na kampuni ya Colossal Order ya mjini Tampere, huko Ufini, ukatolewa mwezi wa Machi 2015. Mchezaji hupewa uwanja mtupu, fedha kiasi, na njia ya kuunganisha mji wake na barabara kuu, kisha ni kama anaambiwa: haya, jenga! Yeye ndiye meya, yeye ndiye mpangaji, yeye ndiye mweka hazina. Hapigi risasi wala hafukuzi mpira. Huchora barabara, huvuta maji na umeme, halafu hutenga ardhi: hapa makazi, hapa maduka, hapa viwanda, kule ofisi. Nyumba zenyewe hajengi yeye. Watu huja wenyewe wakivutiwa.

Atajuaje kinachotakiwa? Chini ya kioo kuna nguzo tatu ndogo za rangi. Ya kijani ni makazi, ya buluu ni maduka, na ya manjano ni mahali pa kazi, yaani viwanda na ofisi kwa pamoja. Nguzo ikipanda, kitu hicho kinahitajika. Ajabu ni kwamba nguzo hizi zinashikana mikono. Watu huhamia mjini wakisikia kuna kazi. Wakishahamia, wanataka kununua, basi maduka yanahitajika. Maduka nayo yanataka bidhaa za kuuza na watu wa kuuza. Na wasio na kazi wakiongezeka, nguzo ya manjano inapanda. Mchezaji mgeni hukimbizana nazo mithili ya mtu anayeziba paa linalovuja: akiziba huku, kule kunatona.

Lakini nguzo si kitu. Kinachowatoa watu jasho ni elimu. Kila mwananchi wa mji huo ana kiwango chake: yuko asiyesoma, yuko aliyepita shule ya msingi, yuko aliyemaliza sekondari, na yuko wa chuo kikuu. Kazi nazo zina viwango vivyo hivyo. Kiwanda kipya, kile cha daraja la kwanza, kinataka hasa watu wasiosoma. Ofisi inataka waliosoma. Asiyesoma hawezi kuingia ofisini, na aliyesoma sana hukawia kuikubali kazi ya kubeba magunia. Anaweza kuikubali mwishowe, lakini hana haraka nayo.

Sasa nifike kwenye ugomvi wetu. Muhula uliopita chama kiliandaa mdahalo wenye hoja kwamba shule nyingi ni mzigo kwa mji. Mtetezi mkuu wa hoja alikuwa mwenzetu mmoja ambaye bweni zima linamwita Meya kwa jinsi anavyoujua mchezo huu. Alisimama kifua mbele, akatueleza yaliyoupata mji wake. Alijenga shule za msingi kila mtaa, akaongeza sekondari, akamalizia na chuo kikuu. Akakaa kitako akingoja sifa. Kumbe! Baada ya muda viwanda vikaanza kuonyesha alama ya kukosa wafanyakazi, vingine vikafungwa, na huku mitaani kulikuwa na watu tele wasio na kazi. "Wamesoma mno!" akanguruma Meya. Akatumia dawa mbili. Kwanza, alipitisha amri moja iliyomo mchezoni, inayowahimiza vijana waachane na masomo ya juu waende kazini. Pili, alitenga mtaa mmoja asiujengee shule hata moja, ili uwe kisima cha vibarua. Viwanda vikajaa. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi niliyepinga hoja nikabaki kama kuku aliyenyeshewa.

Dakika nilizopewa hazikunitosha siku ile. Leo nina ukurasa mzima, kwa hiyo nitasema.

Kwanza kabisa, Meya aliyoyaona ni kweli, lakini sababu aliyoitaja siyo. Tatizo la mji wake lilikuwa wakati. Shule haizai matunda siku inapojengwa. Mtoto huingia, hukua, hupanda darasa baada ya darasa, na mji unaendelea kukua wakati yeye yuko dawatini. Meya alipoiona nguzo ya manjano imepanda, alitenga ardhi ya viwanda, akatenga tena, akatenga tena, kwa kuwa wakati huo wananchi wake wengi walikuwa hawajasoma. Watoto walipotoka chuoni wote kwa mpigo, walikuta mji uliopangiwa wazazi wao. Wachezaji wazoefu wanalijua jambo hili kwa sura nyingine ya kutisha: ukiwaleta watu wengi mjini kwa siku moja, wote ni vijana wa rika moja, hivyo watazeeka pamoja na kufa pamoja, na magari ya maiti hayatoshi. Hakuna anayesema dawa yake ni kupunguza watu. Dawa ni kujenga polepole, mtaa kwa mtaa, ili rika zichanganyike. Kwa nini basi ukifika kwenye shule tunasema dawa ni kufunga?

Tena ipo njia ambayo Meya aliiruka. Viwanda vya mchezo huu hupanda daraja. Kiwanda cha kawaida kikipata wafanyakazi waliosoma, na mtaa wake ukapata huduma kama vile zimamoto, polisi na usafiri wa umma, hupanda hadi daraja la pili na la tatu, na hapo ndipo hutaka wafanyakazi waliosoma zaidi. Kwa maneno mengine, wahitimu wale wale aliowalaumu wangeweza kuviinua viwanda vyake. Yeye aliviacha bila huduma, vikadumaa kwenye daraja la kwanza, halafu akaamua kuwarudisha watu chini wakalingane na viwanda. Sehemu ya ardhi ile ya manjano angeigeuza ofisi, na tungekuwa tunazungumza mengine. Nakubali kuwa mashamba na misitu ya mchezoni haipandi daraja na hutaka wasiosoma daima. Lakini hata humo msomi huingia akikosa pengine. Huo mtaa usio na shule ulihitajika kwa haraka ya Meya tu.

Jambo la pili ni zito zaidi, nanyi wa klabu ya hisabati mlisikilize. Kila mchezo wa namna hii una mtu aliyekaa nyuma yake akaamua nini kitahesabiwa. Baba wa michezo hii yote ni SimCity, uliotolewa mwaka 1989. Aliyeubuni, Mmarekani Will Wright, alikuwa anatengeneza mchezo wa vita wa helikopta uliotoka mwaka 1984, akagundua kwamba anafurahia kuvijenga visiwa kuliko kuvipiga mabomu. Akaanza kusoma habari za miji, na miongoni mwa alivyovisoma ni kazi ya Jay Forrester, profesa wa chuo cha MIT, aliyechapisha kitabu kiitwacho Urban Dynamics mwaka 1969. Forrester aliuweka mji mzima ndani ya milinganyo ya kompyuta: viwanda, nyumba, watu wa tabaka mbalimbali. Kompyuta ikatoa jibu kwamba kujenga nyumba nyingi za bei nafuu kwa maskini huudhuru mji, na kwamba ni afadhali kubomoa sehemu ya nyumba za mabanda na kuweka biashara. Wataalamu wengi walimpinga. Walisema jibu lile lilikuwa limeshatiwa ndani ya milinganyo tangu mwanzo: mathalani, mji wake ulikuwa umekatwa peke yake, vitongoji vinavyouzunguka havihesabiwi, na anayefukuzwa mjini huyayuka tu kama moshi.

Hebu fikiria hilo, ndugu msomaji. Aliyefukuzwa huyayuka! Na mtoto wa ule mtaa wa Meya usio na shule je? Naye hana sauti. Hakuna kitufe cha kumsikiliza. Ndiyo maana amri ile ilikuwa rahisi kuipitisha. Kwenye kioo ni alama ndogo tu unayoigusa na kipanya, na unaendelea kunywa chai yako.

Kuna kingine ambacho mchezo huu haukihesabu, na hapa nitawarudisha nyumbani. Katika Cities: Skylines, kazi haipatikani mpaka meya atenge ardhi. Mwananchi hawezi kuweka meza ya nyanya kando ya barabara. Hawezi kufungua kibanda cha kushona viatu, kuendesha bodaboda, wala kugonga mabati chini ya mti akatengeneza jiko. Wasio na kazi husubiri tu. Sasa ulinganishe na Kenya, ambako takwimu za serikali zinaonyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wenye kazi nje ya mashamba madogo wako katika jua kali. Zaidi ya wanne kwa kila watano! Mchezo ungewahesabu wote hao kuwa hawana kazi. Na si jambo geni. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira hapa Kenya, na ripoti hiyo ndiyo iliyochangia sana kulieneza duniani jina la sekta isiyo rasmi, kwa kuwa iliona kwamba watu waliodhaniwa kukaa bure walikuwa wanazalisha mali. Miaka mitatu tu baada ya kitabu cha Forrester, wageni walikuja hapa wakaona jambo lisilokuwemo katika milinganyo yake.

Na hata sisi wenyewe tumewahi kuutikisa mfumo mzima wa elimu kwa sababu ya hofu hii hii ya wasomi wasio na kazi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulitiwa useremala, ushonaji, kilimo na kadhalika, kusudi anayemaliza aweze kujiajiri. Wazazi wetu wanakumbuka zile karakana na jinsi baadhi ya shule zilivyokosa hata randa moja. Angalau wazo lilikuwa kumwongezea mtoto ujuzi. Halikuwa kumwacha gizani ili kiwanda kipate kibarua.

Meya atanijibu, najua. Atasema mimi nachanganya mchezo na maisha. La hasha! Yeye ndiye aliyechukua mji wa kwenye kioo akauleta ukumbini kuwa ushahidi dhidi ya shule za watu wa kweli, na makofi tuliyoyapiga yalikuwa ya kweli. Wengine waliopiga makofi wana kaka na dada waliohitimu wakarudi nyumbani na vyeti katika bahasha ya kaki. Uchungu wao naufahamu, kwani hata kwetu yupo. Lakini kaka yangu hakukosa kazi kwa sababu alisoma mno. Alisomea uhasibu katika wilaya ambayo kampuni za kuajiri mhasibu unaweza kuzihesabu kwa vidole, na bado zikabaki vidole. Angekatizwa masomo kidato cha pili, kampuni hizo zisingeongezeka hata moja. Leo anaandika hesabu za wenye maduka sokoni, mmoja mmoja, kwa malipo madogo, na mchezo wa Meya hauna nguzo ya kumpima.

Kwa hiyo namwalika Meya katika chumba cha kompyuta Jumamosi yoyote baada ya usafi. Aje na mji wake ule ule. Aufute ule mtaa usio na shule, aondoe amri, agawe ardhi ya manjano baina ya viwanda na ofisi, avipelekee viwanda zimamoto na basi, kisha aukuze mji taratibu badala ya kuukimbiza. Tukae tutazame nguzo zitasemaje. Awe mwangalifu tu asikalie kompyuta iliyo karibu na mlango, maana hiyo hujizima yenyewe kabla mtu hajahifadhi kazi yake.