Taa imewaka? Usikubali kung'olewa masega!

Wiki hii naomba tuyaweke pembeni mambo ya mapenzi, tuongee pesa. Maana kuna watu wanalizwa mchana kweupe na wanasema asante!

Basi bwana, nina mshikaji wangu anaishi Ramadhani, pale Njombe. Kijana mpambanaji, hana makuu. Kadunduliza miaka, kaongezea na mkopo, kavuta pikapu ya petroli, mtumba wa Japani. Kazi yake ni kubeba viazi kupeleka Makambako, pale njia panda ambapo barabara ya Songea inakutana na ile ya Dar na Mbeya. Ni kama kilomita 60 tu, na marejesho ya mkopo yanatoka humo humo.

Asubuhi moja, na baridi ya Njombe mnaijua, kawasha gari, taa ya njano yenye picha ya injini ikagoma kuzimika. Gari linakwenda freshi tu, nguvu zipo. Alipofika Makambako akaingia gereji ya kwanza aliyoiona. Jamaa akachomeka kimashine, akakodoa macho, akatoa hukumu:

"Bosi, masega yamekwisha. Tunayatoa, tunachomelea bomba tupu. Na hayo mabovu nakusaidia kuyatupa, tena nakupa elfu hamsini ya soda."

Ebo! Tangu lini mtu akakulipa ili akutupie takataka?

Kwa wasiojua, masega ni kile kikopo cha chuma kwenye bomba la moshi, ndani kina vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani kweli kweli. Kazi yake ni kuisafisha ile hewa chafu ya injini, ikiwemo ile isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wakiwa wamelala. Sasa unaelewa kwa nini jamaa alikuwa na huruma kiasi kile.

Mshikaji akanipigia. Nikamwambia, usiguse kitu, rudi Njombe, kuna fundi mmoja mtu mzima. Alipofika akamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hebu niambie, taa imetulia au inapepesa?"

Swali hilo likamaliza nusu ya kazi. Taa ikipepesa, maana yake silinda mojawapo haichomi vizuri, petroli mbichi inakwenda kuungulia ndani ya masega na inaweza kuyayeyusha. Hapo unapunguza mwendo, unasimama, viazi baadaye. Ikitulia, una muda wa kupima kwa akili.

Mzee akachomeka mashine yake, ikasoma P0420. Hiyo namba, wapenzi wasomaji, haisemi "masega yamekufa". Inasema kompyuta ya gari haijaridhika na kazi ya masega. Na kompyuta yenyewe haioni ndani, inategemea sensa mbili za oksijeni, moja mbele ya masega, nyingine nyuma. Masega yakiwa mazima na gari limepata moto, sensa ya mbele inapanda na kushuka haraka haraka, ya nyuma inatulia tuli. Ya nyuma ikianza kucheza ngoma ya mwenzake, taa inawaka.

Lakini sensa inaweza kudanganywa! Ekzosti ikiwa na tundu jirani nayo, hewa ya nje inanyonywa ndani, sensa inaona oksijeni isiyohusika. Sensa yenyewe inaweza kuchoka. Plagi au koili mbovu zinaweza kuharibu hesabu nzima. Ndiyo maana mzee aliuliza kama kuna namba nyingine. Zikiwepo za silinda kutochoma, kwa mfano P0300, unaanza na hizo.

Kisha akamwambia mshikaji aliache gari lilale pale. Asubuhi likiwa la baridi, akaliwasha, akatega sikio. Pwu, pwu, pwu! Chini ya gari, kwenye maungio ya bomba karibu na sensa ya nyuma, palikuwa na masizi meusi. Gasketi ilikuwa imeungua.

Kabadilisha gasketi, kakaza bolti, kafuta ile namba, kamtuma aende Makambako na kurudi gari lipate moto. Sensa ya nyuma ikatulia tuli. Sasa ni wiki ya tatu, taa haijarudi. Kilichomtoka mfukoni hakifiki hata ile hela ya soda!

Msinielewe vibaya, kuna masega yanayokufa kweli. Ukisikia kama kokoto kwenye kopo chini ya gari, au pikapu inakosa pumzi mlimani kwa sababu yameziba, hapo kuna msiba. Lakini hata hapo uliza kilichoyaua. Kama injini inakula oili, ukifunga mapya nayo yatakufa. Na asikudanganye mtu kwamba tatizo ni risasi kwenye petroli yetu, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006.

Na bomba tupu je? Kwanza, taa inabaki vile vile, maana sasa sensa zote mbili zinaona moshi ule ule. Pili, moshi mchafu unaachiwa mtaani, wanavuta wanao. Tatu, siku ukitaka kurudisha masega, utaambiwa bei mpaka ukae chini.

Kwa hiyo ukiambiwa masega yamekwisha, uliza maswali matatu: namba gani, sensa ya nyuma inasomaje gari likiwa la moto, na ekzosti imekaguliwa? Fundi wa kweli atakujibu huku anakuonyesha. Na kama aliyepima ugonjwa ndiye huyo huyo mnunuzi wa maiti... mwanangu, washa gari uondoke!

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.